Kitoroli cha Sebuleni Kimefika Ngenge

Mama,

Leo asubuhi nimebadilisha tairi la kushoto la kitoroli chetu. Lile la baiskeli kuukuu ulilolichagua mwenyewe kwa fundi limechoka, nyuzi zake zilikuwa zimeanza kuchungulia. Nimelibadilisha kwa mikono yangu, nimepiga goti pale kibarazani, na nilipomaliza kukaza nati ya mwisho nikashtuka kwamba bado niko chini, nimeinamisha kichwa, kama ninavyokusalimia. Basi machozi yakanijia. Nimeona nikuandikie.

Shikamoo, Mama. Kasinge waitu, nakushukuru.

Mengi ya humu unayajua kuliko mimi. Lakini mwanangu Byera alikuwa hajaanza kutembea ulipoondoka, na nataka siku moja asome, ajue bibi yake alikuwa mtu wa namna gani. Kwa hiyo nivumilie nikikusimulia habari zako mwenyewe.

Ulikuja kwetu Rwamishenye, hapa Bukoba, kwa sababu ya moyo. Miguu ilikuwa imevimba, na daktari alikukataza jembe. Mume wangu Deusi akaenda kijijini kwako Ngenge kukuchukua, akitegemea kurudi na mama mgonjwa na begi la nguo. Alirudi na mama mgonjwa na gunia la kahawa. Ulikataa katakata lipandishwe juu ya basi. Uliliweka chini ya miguu yako toka Muleba mpaka Bukoba, na kondakta alipolalamika ukamwambia, "Mwanangu, hili gunia ni mzee kuliko wewe, liheshimu."

Wakati ule nilikuwa nakaa nyumbani. Hoteli ya kando ya ziwa nilikokuwa natengeneza kahawa ilikuwa imefungwa, na mwenye hoteli, alipokuwa anagawa vyombo, alinipa mashine ya espreso ya mkono. Ilikuwa juu ya kabati, imefunikwa gazeti, na mimi nilikuwa sitaki hata kuiangalia. Wewe ndiye uliyeuliza ni kitu gani. Nikaishusha nikuonyeshe. Haitaki umeme. Unachemsha maji, unashindilia kahawa iliyosagwa kwenye kijiko chake chenye mpini mrefu, unamimina maji, kisha unavuta wenzo kwa nguvu ya mikono miwili. Kahawa inashuka nyembamba kama uzi, nzito, ina povu la rangi ya asali juu yake.

Wewe kahawa uliyoizoea ni ya kutafuna, emwani, ile mnayochemsha na majani ya harufu mkaianika, mgeni akija mnamwekea mkononi. Ya kunywa ulikuwa unakunywa mara chache, ya birika. Nikakaanga kidogo kutoka kwenye gunia lako, nikasaga, nikavuta, nikakupa kikombe. Ulikunywa ukanyamaza. Niliogopa, nikadhani imekudhuru moyo.

"Hii ni ile niliyokuja nayo?" ukauliza.

Nikasema ndiyo, Mama.

Ukakiweka kikombe chini, kisha ukasema maneno ambayo nimeyabeba mpaka leo: "Maisha yangu yote kahawa yangu inapanda gari inaondoka. Sijawahi kuona uso wa mtu anayeinywa."

Nilifikiri yameishia hapo. Sikuwa nakujua.

Kesho yake nilikukuta sebuleni umekikazia macho kitoroli cha chai. Kile tulichopewa kwenye harusi, cha ghorofa mbili, chenye vyuma vya kung'aa kama dhahabu na vioo, na vigurudumu vidogo kama vifungo vya koti. Tulikuwa tumekiegemeza ukutani. Juu maua ya plastiki, chini viatu vya Deusi. Ukakisukuma kwa kidole kimoja, kikasogea kidogo kwenye sakafu.

"Koku," ukaniita, "hiki kina magurudumu. Mbona hakiendi popote?"

Mama, wewe! Kufika saa ya chakula maua yalikuwa yamehamishwa, na wewe unanipimia kwa upana wa kiganja wapi pakae mashine, wapi pakae mtungi wa gesi, wapi pakae ndoo ya maji yenye bomba. Mtu aliyeambiwa na daktari apumzike.

Deusi hakufurahi. Utamkumbuka alivyosimama mlangoni na tai yake ya ofisini, akisema taratibu ili asikukosee adabu, "Mama, watu watasema nimeshindwa kukulisha."

"Waseme," ulimjibu, bila hata kuinua macho. "Watasema huku wanakunywa."

Tulikipeleka kwa Projesti, yule fundi wa kuchomelea wa jirani. Aliking'oa vioo, akaweka mbao zilizofunikwa bati. Akazungushia ukingo ili vikombe visiteleze, akaweka ubao wa pembeni wenye bawaba, ukiuinua unakuwa meza, ukiushusha unalala. Kuzuia upepo wa ziwa usizime moto alikunja bati pande tatu za jiko. Kipande cha bomba la plastiki nikakifunga pembeni kwa ajili ya kukung'utia machicha ya kahawa. Vile vigurudumu vya vifungo tulivitupa, na wewe ukachagua magurudumu ya baiskeli ya mtoto kwenye rundo la vyuma nyuma ya kibanda chake. Uliyazungusha moja moja karibu na sikio, unasikiliza, kama mtu anayechagua nazi. Projesti aliacha kazi akawa anakuangalia wewe.

Kilipokamilika kilikuwa kizuri, nakwambia ukweli. Na siku ya kwanza kukitoa kilianguka.

Tulikuwa tunateremka ile njia ya udongo kabla ya kufika kwenye lami. Mimi nasukuma, wewe unatembea pembeni na fimbo. Gurudumu likaingia kwenye mfereji wa mvua, kitoroli kikayumba, kikalala ubavu. Vikombe vyote vikapasuka. Maji yakamwagika hadi kwa jirani. Mashine nilifanikiwa kuikumbatia, nikaanguka nayo, na kovu la kiwiko bado ninalo. Watu walitoka kuangalia. Nilikaa chini kwenye matope, na moyoni nilikuwa nimemaliza. Nilikuwa nawaza namna ya kurudisha maua ya plastiki mahali pake.

Wewe ulikuwa umeegemea fimbo unacheka. Hukunicheka mimi, nilijua hata wakati ule. Ulicheka kama mtu aliyeonana na mtu wanayefahamiana naye.

Ndipo uliponisimulia habari za baiskeli. Deusi hakuwahi kuniambia, labda kwa sababu kwake ilikuwa ni jambo la kawaida, mama yake ndivyo alivyokuwa. Baba yao akina Deusi alipofariki ulichukua baiskeli yake, ukaanza kupeleka ndizi gulioni. Wanawake wa Ngenge walikuwa hawasukumi baiskeli za ndizi. Wewe ulisukuma, mikungu imefungwa pande zote mpaka mwenyewe huonekani, na watoto walipita njiani wakiimba kwamba kuna shamba la migomba linatembea. Wanaume walikucheka. Uliniambia siku ya kwanza baiskeli ilikuangukia kwenye mteremko, ukalala chini ya mikungu yako ukiangalia mbingu hadi mtu alipopita. "Nilipoinuka nikajua makosa yangu," ulisema. "Nilikuwa nimefunga mzigo juu. Mzigo unafungwa chini. Na kwenye mteremko husukumi, unazuia."

Tukarudi kwa Projesti. Alikata miguu, akashusha ghorofa ya chini hadi karibu na ardhi, mtungi na ndoo vikakaa huko. Akaweka mipini mbele na nyuma, ili kwenye mteremko mtu akae upande wa chini akizuie kwa kifua. Ukamwambia aongeze upana wa magurudumu. Akaongeza. Tukakijaribu pale pale mbele ya kibanda chake, kimejaa maji, wewe ukikitikisa kama unayetaka kukiangusha kwa makusudi. Kikayumba, kikarudi. Projesti akavua kofia.

Nakumbuka asubuhi yetu ya kwanza mjini kuliko ninavyoikumbuka harusi yangu. Tulisimama karibu na stendi, kando ya duka la dawa, mwenye duka alituruhusu. Ulikuwa umevaa kitenge cha kijani, kile cha Kipaimara cha mjukuu. Nilipowasha jiko na kuanza kusaga kwa kile kinu cha mkono, harufu ikatoka, watu wakageuza shingo. Aliyekuja kwanza ni kijana wa bodaboda, kofia ngumu kichwani. Alipoona kikombe akaangua kicheko.

"Bibi, kadogo hivi? Kama dawa ya kikohozi!"

"Ndiyo, ni dawa," ukamwambia. "Kunywa kwanza, useme baadaye."

Akanywa. Sote wawili tulikuwa tunamwangalia, mimi kama mpishi, wewe sijui kama nani. Uso wake ulibadilika. Kwanza alikunja paji kwa ukali wake, kisha akafumba macho, kisha akalamba mdomo wa juu. Akauliza kahawa hiyo inatoka nchi gani.

Niliona mikono yako imeshikana. Kisha ukasema, "Inatoka Ngenge. Nimeichuma mimi."

"Ngenge hii ya Muleba?"

"Hiyo hiyo."

Akakuangalia, akavua kofia ngumu, akakusalimia upya, shikamoo ya pili, ya heshima. Akaondoka akarudi na wenzake. Wewe ulikuwa umegeuka upande wa ukuta unajifuta macho na ncha ya kitenge, na mimi nikajifanya nashughulika na gesi.

Baada ya hapo ulikuwa hukosi. Moyo ulipochoka zaidi tukakuletea kiti, ukawa unakaa pembeni ya kitoroli. Hukugusa chombo, lakini kila aliyekunywa alipita kwako. Uliwauliza majina, kwao wapi, mama zao wazima? Walimu, madereva, akina mama wa sokoni, wazee waliotoka kanisani kwenu na kwetu Walutheri. Kuna yule mzee aliyekuja kila siku akisema kahawa yetu ni kali mno haifai, na kesho yake yuko hapo. Ulimpenda sana yule. Bado anakuja, Mama. Bado anasema haifai.

Jambo moja uliliomba na hatukuwahi. Ulitaka kitoroli kipelekwe Ngenge. "Watu wangu wanachuma, wanaanika, wanabeba. Hawajui wanachokifanya kinaishia kuwa nini." Tukapanga mvua zikipungua. Mvua hazikupungua haraka, na wewe hukungoja. Uliondoka asubuhi, ukiwa umeketi kitandani, Deusi ameshika bakuli la uji. Alikaa na lile bakuli mkononi muda mrefu sana. Sikuweza kumnyang'anya.

Tulikuzika kibanjani, shambani kwako, kando ya mzee wako, chini ya migomba. Watu walijaa mpaka barabarani. Projesti alikuja, na vijana wa bodaboda walikuja na pikipiki zao toka Bukoba wakipiga honi taratibu nyuma ya gari lako. Majirani wa Ngenge waliulizana, huyu mama alikuwa nani huko mjini?

Sasa nikwambie ya baadaye.

Kwenye kuondoa matanga ukoo ulikaa kuzungumzia kibanja. Shemeji yangu Fotunati, mwanao mkubwa, alitoka Mwanza akiwa ameshaamua. Mibuni ing'olewe, ipandwe miti ya mbao. Simsemi vibaya. Alisema yeye yuko mbali, Deusi yuko mjini, palizi nani atafanya, na kahawa imewachosha wazee wetu mpaka ikawaua. Alisema hilo la mwisho kwa sauti iliyokatika. Alikuwa na uchungu wako, Mama, ila uchungu wake ulitafuta shoka.

Mimi mkwe, sina neno mbele ya ukoo. Lakini nilikuwa nimekuja na kitoroli. Tulikifunga kwenye pikapu ya jirani toka Rwamishenye, nimekaa nyuma nimekishikilia mikono miwili, vumbi la barabara ya Ngenge limenijaa hadi kope. Deusi alikuwa ameniuliza mara moja tu, "Una hakika?" Nikamwambia mama aliomba. Hakuuliza tena.

Basi wanaume walipokuwa wamekaa ndani ya nyumba, mimi nikakisimamisha uani, nikainua ubao wa pembeni, nikawasha jiko. Nilikaanga kahawa yako ya mwisho kwenye kikaango cha jikoni kwako. Akina mama waliokuja kusaidia kupika wakaacha ndizi walizokuwa wanamenya. Ma Anastazia, jirani yako wa bonde, alikuwa wa kwanza. Alikishika kile kikombe kwa mikono yote miwili, akanusa, akanywa kidogo. Akashangaa akikutaja jina, "Mawe, mama wee! Hii ni kahawa ya Laurensia?" Nikasema ndiyo. Akauliza kwa sauti ya chini, kama anayeogopa jibu, "Na ya kwangu ingekuwa hivi?"

Akaondoka. Nilidhani imemchoma. Alirudi na kikapu cha kahawa yake. Mwingine akamfuata, akaenda kwake akarudi na ya kwake. Ua ulijaa moshi wa kukaanga na kelele. Walikuwa wanaonja, wanabishana nani aliianika vizuri, nani aliiacha ikanyeshewa. Walicheka, Mama, kwenye matanga yako, na mtu hakuona vibaya. Nilivuta ule wenzo hadi mabega yakawaka moto.

Wanaume wakatoka kuangalia kuna nini. Ta Felisiani, mkubwa wa ukoo, akapewa kikombe, kisha Fotunati. Fotunati alikunywa amesimama. Alitembea hadi mwisho wa ua, akasimama ameupa mgongo umati, anaangalia kule mlikolala ninyi wawili. Alikaa huko.

Aliyesema ni Deusi. Yule yule wa tai mlangoni. Alisema, mbele ya ukoo mzima, "Mimi nilimwonea mama yangu aibu kwa sababu ya hiki kitoroli. Nilikuwa naficha uso nikipita stendi. Sasa nasema hivi, mibuni haing'olewi. Palizi nitafanya mimi, kila Jumamosi nitapanda basi." Ta Felisiani akamuuliza kama ana hakika mikono yake ya ofisi inaujua mpini wa jembe. Watu wakacheka. Deusi akasema itajifunza.

Hawakukubaliana yote. Fotunati alishika upande wa bondeni, na huko mibuni imeng'olewa kweli, nisikufiche. Nilipita nikaiona imelala mizizi juu, nikageuza macho. Lakini upande wa juu wote umebaki, na kabla ya kupanda gari kurudi Mwanza Fotunati alinifuata akaniomba nimfungie kahawa kidogo, akaanike nyumbani kwake isipate unyevu. Sikumweleza kwamba iliyokaangwa haianikwi. Nikamfungia.

Deusi amejifunza. Anarudi Jumapili mikono ina malengelenge, ananionyesha kama mtoto. Ma Anastazia na wenzake sasa wanaanika juu ya vichanja, si chini tena, na kila wiki mmoja wao anatuma kahawa yake kwa basi. Mteja akiuliza inatoka wapi namtajia jina la aliyeichuma. Wiki hii tunakunywa ya Ma Anastazia, na amenipigia simu kila jioni akitaka kujua nani amekunywa, alikuwa mrefu au mfupi, alisema nini.

Si kila kitu ni chema. Stendi tumehamishwa, tuko upande wa soko sasa, kuna jua kali mchana. Gesi ilivuja mara moja nikaogopa sana. Na kuna nyakati namaliza kumhudumia mtu, nageuka kukuangalia umemwonaje, na mdomo wangu umeshafunguka. Hapo huwa nasaga kahawa nyingine hata kama hakuna mteja.

Mama, watu huniambia nilikuwa mkwe mwema kwako. Nawaacha waseme. Sijui niwaelezeje kwamba nilikuwa nimekaa ukutani na maua ya plastiki juu, ukaja wewe, mgonjwa wa moyo, miguu imevimba, ukanisukuma kwa kidole kimoja. Nimekutana na watu wengi waliosoma na waliosafiri. Sijaona mwingine mwenye ujasiri wako, na ulikuwa nao bila kelele, kama wengine walivyo na pua.

Naishia hapa, Byera ameamka. Ana meno ya mbele sasa, na anang'ang'ania mambo kama wewe.

Ninakuaga na neno moja. Mimi nimezaliwa mjini, kwa baba mwalimu, na katika maisha yangu yote sijawahi kuchuma hata punje moja ya kahawa mtini. Msimu ukifika nitafunga kitoroli, nitakuja Ngenge nimemfunga Byera mgongoni, nikae kwako mpaka uvunaji uishe. Ma Anastazia amekubali kunifundisha. Nitaanza na mibuni inayokuzunguka hapo ulipolala, nitachuma zilizoiva tu, polepole, na nikikosea nitacheka kwanza.

Lala salama, Mama yangu. Nakuahidi.

Mkweo,
Koku